Bunduki Iliyosafishwa kwa Ajili ya Mgeni

Jumapili iliyopita tulikuwa Greenbelt, huku ng'ambo tunakoishi, kwa binamu yangu. Watu walikuwa wamekula wakashiba, nyama choma imebaki mifupa, watoto wanapita na soda, na mjomba wangu akaanza kusimulia. Mjomba ni msimuliaji mzuri, hilo simnyimi. Akaninyooshea kidole mbele ya watoto wangu, akasema, "Huyu mama yenu mnayemwona ametulia hivi, aliwahi kuniaibisha mbele ya pasta! Alinifungulia bunduki skrubu zote!" Watu wakacheka mpaka mmoja akamwagikiwa na chai. Hata mimi nilicheka, sitakataa. Lakini tukiwa njiani kurudi nyumbani mtoto wangu mdogo akaniuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yao, kwa nini nilifanya vile. Nikawasha redio.

Ndiyo maana nimekaa hapa na kalamu. Mimi sikusoma sana, rafiki yangu. Nilimaliza hai skuli, nikaanza kozi ya uuguzi, ikanishinda njiani, basi usitarajie maneno makubwa. Na huenda kumbukumbu inanidanganya hapa na pale, maana nilikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Mahali nisipokuwa na hakika nitakuambia. Sitaki kumwonea mtu, hata yeye.

Siku hizo tulikuwa tunaishi Wheaton, karibu na kile kituo cha treni chenye ngazi ya umeme ndefu kupita kiasi, ile ambayo nyanya yangu alikuwa akianza Baba Yetu chini na kumaliza kabla hajafika juu. Nyumba ilikuwa ya matofali mekundu. Juu tulikaa mimi, mama, na nyanya ambaye alikuja kutoka Nyeri kututembelea kidogo akaishia kukaa miaka. Chini, kwenye besimenti, alikaa mjomba, ndugu wa mama wa kufuatana. Mama alikuwa akifanya shifti za usiku kwenye nyumba ya wazee, na Jumamosi ilikuwa siku yake ya kufidia usingizi. Ilikuwa marufuku kupiga kelele. Nyanya alipika kwa kunong'ona, kama hilo linawezekana. Ungesikia kitunguu kikikaanga taratibu, mwiko ukigusa sufuria kama unaomba ruhusa, na mashine ya joto ikivuma ukutani. Na mimi, ili nisimwamshe mama, nilitumwa chini kwa mjomba.

Chini kulinukia sabuni ya kufulia, kwa sababu mashine ya kufua ilikuwa humo humo, na baadaye kukaanza kunukia mafuta ya bunduki. Harufu hizo mbili kwangu ni kitu kimoja mpaka leo.

Mjomba alikuwa bawabu kwenye jengo moja la ofisi kule Shaw. Nyumbani Kenya hakuwahi kushika bunduki. Kule bunduki ni ya polisi au ya jambazi, hakuna ya katikati. Lakini mwenzake wa kazini alimpeleka siku moja kwenye uwanja wa kulenga shabaha, huko mashambani ambako barabara inapita kwenye mashamba ya mahindi, na akarudi amebadilika, anasema peke yake. Haikuchukua muda akanunua ya kwake dukani. Ilikuwa bunduki ndogo, ya risasi nyembamba kama kipande cha penseli, zile ambazo pini hugonga ukingo wa kitako cha risasi badala ya katikati. Ni bunduki ya kujifunzia. Aliinunulia na kabati la chuma lenye kufuli, na risasi akaziweka kwenye sanduku jingine lenye kufuli jingine.

"Umetoka Nyeri uje ununue bunduki?" mama alimuuliza. "Si ungenunua hata shamba?"

"Hii inaua karatasi tu, dada," mjomba akasema. "Wewe nionyeshe karatasi iliyowahi kulalamika."

Mama akasonya. Lakini akakubali niwe naenda naye uwanjani, kwa sharti kwamba hesabu zangu shuleni zisishuke. Nadhani alihitaji ule usingizi kuliko alivyoogopa bunduki. Simlaumu.

Mara ya kwanza tulipoipiga, matundu yalitapakaa kwenye karatasi kama mahali kuku amekwaruza. Mjomba akajilaumu mwenyewe. Akanipa mimi, nikalala juu ya meza kama mwalimu wa uwanjani alivyonielekeza, nikavuta pumzi, nikabana kifyatulio polepole. Ikawa vile vile. Yule mwalimu, mzee Mzungu mwenye kofia ya rangi ya chungwa, akatuambia kwamba kosa si letu. Alisema bunduki ya kiwandani ni kama kiatu cha dukani, imekatwa kwa mguu wa kila mtu na haimtoshi yeyote. Alisema tukiitaka ipige sawa lazima tuitengeneze wenyewe, kitu kimoja kwa wakati mmoja, tusiguse viwili pamoja, la sivyo hatutajua kipi kimesaidia.

Basi majira yale yote ya baridi kazi yetu ikawa hiyo. Nasema "yetu" kwa sababu mjomba ndiye aliyesema hivyo. "Njoo tuangalie bunduki yetu, fundi," alikuwa akiniita kutoka kwenye ngazi, na mimi nilishuka nikiwa na soksi, nimeshika chapati, moyo unaruka.

Tulianza na risasi. Bunduki ndogo hizi, rafiki yangu, zina ulimi. Kila moja ina chakula chake. Tulijaribu aina moja, tukapiga tano, tukatoa karatasi, tukajaribu nyingine. Zile za kusifiwa haikuzitaka. Zile za mbio zenye kelele ilizitawanya ovyo. Ikapenda za polepole, zilizopakwa nta, ambazo hakuna aliyekuwa akizinunua na zilikuwa zimejaa vumbi kwenye rafu ya duka. Mjomba alicheka sana. "Ni bunduki ya Nyeri hii," akasema. "Haipendi mambo mengi."

Halafu tukahitaji mto wa kulaza mtutu mezani ili usitikisike. Nyanya alishona kifuko kutoka kwenye leso yake ya zamani, tukakijaza ndengu. Alilalamika kwamba ndengu ni chakula cha watu, si godoro la bunduki, lakini alishona, tena kwa sindano mara mbili ili zisimwagike.

Kisha ikaja kazi ya ile mbao inayobeba mtutu. Tatizo lilikuwa kwamba mtutu ulikuwa unagusa mbao upande mmoja, na kitu kinachoguswa upande mmoja, kikipata joto, husukumwa. Mwalimu alituambia tupitishe karatasi kati ya mtutu na mbao, na palipokwama ndipo pa kusugua. Tukachana ukurasa wa matangazo ya kanisani, maana ulikuwa mwembamba na ulikuwapo. Karatasi ikaingia vizuri kutoka mbele, ikafika katikati, ikakwama.

Hapo ndipo mjomba alipomwita jirani. Jirani yetu alikuwa Mkongo kutoka Bukavu, seremala kwenye karakana ya makabati ya jikoni, mtu wa utani mwingi. Lakini alikuwa na sharti lake. Alikaa ngazi ya mwisho, akasema, "Miye nashika mbao tu. Kile chuma ni yenu. Mukitoa chuma, munipe mbao, nitasaidia. Chuma miye nimeiona ya kutosha." Hakuna aliyemuuliza zaidi. Basi kila mara mjomba aliondoa chuma chote, akakifungia kabatini, ndipo jirani akashuka.

Alinifunza msasa. Vidole vya mjomba vilikuwa vinene havikuingia kwenye ule mfereji wa mbao, vyangu viliingia. "Doucement, mama, polepole," jirani alikuwa akisema. "Usisukume. Acha msasa ikule yenyewe." Na mjomba akisogea karibu, alimfukuza: "Weye toka! Wakenya munakaza kila kitu. Hata chupa ya maji munafunga mpaka muzungu anashindwa kufungua." Tulicheka mpaka nyanya akagonga sakafu kwa mguu kutukumbusha mama amelala.

Karatasi ilipopita kutoka mwanzo hadi mwisho bila kushikwa na kitu, mjomba aliniinua juu kama nimezaliwa siku hiyo.

Zikabaki skrubu mbili zinazoshikanisha chuma na mbao. Hapo ndipo palipotusumbua kuliko kote. Ukilegeza, matundu yanatawanyika. Ukikaza sana, mbao inabanwa, matundu yanatawanyika tena kwa namna nyingine. Kuna mahali katikati, padogo sana, ambapo bunduki inatulia. Tulikuwa tunageuza bisibisi kama unavyogeuza kitufe cha redio kutafuta stesheni, kidogo, tunapiga, kidogo tena, tunapiga. Tulipopapata, niliiba rangi ya kucha ya mama, nyekundu, nikachora mstari mwembamba kutoka kwenye kichwa cha skrubu hadi kwenye chuma kilicho pembeni. Skrubu ikisogea hata nywele moja, mstari utakatika na tutajua. Lilikuwa wazo langu. Nina hakika na hilo, maana mjomba alilirudia kwa kila mtu wiki nzima. "Wazo la huyu," alikuwa akisema. "Si langu. La huyu."

Na jambo la mwisho ni la kuosha. Mwanzoni mjomba alikuwa akirudi kutoka uwanjani anasugua ndani ya mtutu kwa brashi na dawa mpaka unang'aa kama kijiko cha harusi. Kisha tukaona kwamba kila alipoosha, safari iliyofuata risasi za kwanza zilikwenda zinakotaka, mpaka mtutu ujipake tena ile nta na risasi iliyoyeyuka ndipo utulie. Mwalimu akathibitisha. Basi mjomba akatunga sheria, na alikuwa akiisema kila Jumamosi tukifunga kazi, kama aya: "Mtutu hauoshwi. Unapanguswa kitambaa tu."

Kufikia wakati maua yalipoanza kutoka kwenye miti ya mtaani, matundu matano ya kwanza na matano ya pili yalikuwa yanaingia chini ya ukucha wa kidole gumba changu. Mwalimu wa kofia alikuja akatazama, akaivua kofia. Sijui kama alikuwa ananiheshimu au anajikuna. Nataka kuamini ananiheshimu.

Ndipo likatoka tangazo la siku ya vijana. Kila mwanachama wa uwanja angeleta mtoto mmoja, apige mbele ya watu, na watakaopiga vizuri wangepewa nafasi ya kufundishwa majira yote ya joto. Mtoto mmoja kwa mwanachama mmoja. Mjomba alisoma tangazo lile, akanigeukia, akasema, "Wangu ninaye." Maneno hayo mawili nililala nayo na kuamka nayo. Shuleni sikuwa mtu. Nilikuwa yule msichana mwenye matamshi, anayekula vyakula vinavyonukia. Lakini kwenye meza ile, nikilaza shavu kwenye mbao niliyoisugua mwenyewe, nilikuwa najua kitu ninachokifanya. Nilitaka watu wakione. Hilo tu.

Sasa nifike pale.

Jumapili moja mchungaji wetu alikuja chai baada ya ibada, pamoja na mke wake na mtoto wao wa kiume ambaye alikuwa ananizidi kidogo. Mjomba, kwa furaha yake, akamteremsha mchungaji besimenti amwonyeshe bunduki na karatasi zenye matundu. Mimi nilikuwa juu nasaidia kumimina chai, kwa hiyo yaliyosemwa huko chini sikuyasikia na sitayabuni. Ninachojua ni kwamba walipanda wakiwa wanacheka, na yule kijana anatabasamu.

Mjomba alinisubiri mpaka wageni walipoondoka. Nilikuwa naosha vikombe.

"Mami," akasema. "Ile siku ya vijana. Mwaka huu tumwachie kijana wa pasta."

Nikadhani sijasikia vizuri. Nikafunga bomba.

"Lakini anko, ulisema ni mimi."

"Nilisema. Na ni wewe. Mwaka ujao."

"Umeniahidi."

"Sijavunja ahadi, mami. Nimeisogeza tu."

Nikamtazama mama. Mama alikuwa anapanga mabakuli, mgongo wake kwetu. "Pasta ndiye aliyempokea mjomba wako uwanja wa ndege," akasema bila kugeuka. "Alikaa kwao hadi akapata kazi. Akiombwa kitu na pasta unataka amjibu nini? Amwambie kuna mtoto amekataa?"

Naandika hili kwa haki. Mama alikuwa anasema kweli. Mchungaji na mke wake walimfaa mjomba wakati hakuwa na mtu. Kwetu mtoto wa mgeni ndiye hupewa paja la kuku, na mtoto wa nyumbani huambiwa atapata kesho. Nililelewa hivyo, na wengine wengi walilelewa hivyo wakakua vizuri. Pengine nilitakiwa kumeza tu. Na nilimeza, rafiki yangu. Laiti yangeishia hapo ningekuwa nimesahau.

Siku ilipofika nilikwenda pamoja nao, nimebeba kifuko cha ndengu na chapati. Mjomba alifungua sanduku la bunduki mezani, mbele ya mchungaji, kwa madaha kidogo, kama mtu anayefunua sinia. Nikanusa dawa kabla sijaona. Mbao ilikuwa inang'aa, imepakwa mafuta yale ya kupaka meza na viti. Chuma kinang'aa. Niliinama kama nafunga kamba za kiatu nikatazama tumbo la bunduki. Mstari wangu mwekundu haukuwepo. Skrubu zote mbili zilikuwa safi, zimefunguliwa, zimerudishwa, zimekazwa kwa mkono wa mwanaume.

Nilielewa papo hapo, na mwanzoni sikukasirika hata. Nyanya yangu alikuwa na msemo wake, kwamba kitu cha kumpa mtu kitoke mkononi mwako kikiwa kisafi kuliko kilivyoingia. Bakuli la jirani halirudi na harufu ya mchuzi. Koti la kuazima linafuliwa kabla ya kuvaliwa na baada ya kuvaliwa. Mjomba hangeweza kumkabidhi mtoto wa mchungaji bunduki yenye mtutu mweusi ndani na alama ya rangi ya kucha. Angejisikia amemvalisha mgeni shati chafu. Basi aliivunja yote, akaisugua, akaipaka mafuta, akaikaza kwa heshima. Sheria yake mwenyewe aliijua. Aibu ilikuwa na nguvu kuliko sheria.

Nikamvuta mkono. "Anko, imeoshwa."

"Nyamaza sasa," akanong'ona, huku anatabasamu kwa watu.

Kijana wa mchungaji alilala mezani. Hakuwa mlengaji mbaya, nilimwona anavuta pumzi sawasawa. Risasi ya kwanza ilikwenda juu kushoto. Ya pili chini. Ya tatu hata karatasi haikuigusa. Aliendelea, masikini, huku masikio yake yanazidi kuwa mekundu, na karatasi ikawa ile ile ya siku yetu ya kwanza, mahali kuku amekwaruza. Watoto wa wanachama wengine walikuwa wanachungulia. Mchungaji alikuwa ameacha kutabasamu.

Mwalimu wa kofia akaja. Akatazama karatasi, akatazama bunduki, akamuuliza mjomba kwa Kiingereza kama kuna mtu ameifungua, maana bunduki aliyoiona wiki chache zilizopita si hii.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma. Nilimwona mjomba anafikiri. Haikuwa muda mrefu, lakini nilimwona. Kisha akacheka, akaweka mkono wake begani kwangu, akasema kwa Kiingereza, "Mpwa wangu huyu. Anapenda sana kucheza na skrubu." Mwalimu akanitazama, akarudisha kofia kichwani. Halafu mjomba akamgeukia mchungaji, akaisema tena kwa Kiswahili ili naye aelewe vizuri: "Pasta, mtusamehe. Nafikiri kisirani kilimshika kwa sababu hakupewa nafasi yeye, akaichezea."

Niliisikia mara mbili, kwa lugha mbili, na ule mkono ulikuwa bado begani.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza miaka. Mtoto hamjibu mkubwa mbele ya wageni, hilo ni moja. Lakini pia, nakwambia ukweli, nilikuwa nasubiri. Niliamini kwamba tukiingia kwenye gari atasema, "Samahani, fundi, nilibanwa." Garini alizungumza na mchungaji habari za paa la kanisa.

Nyumbani mama alikuwa ameshapigiwa simu. Hakunipiga. Alinikalisha kitandani kwake, akiwa bado na sare ya kazi, akaniuliza, "Ni kweli?" Nikasema si kweli, mjomba ndiye aliyeiosha. Nadhani, na hapa ndipo nisipokuwa na hakika, nadhani aliniamini. Halafu akasema, "Jumapili utamwomba kijana msamaha. Umwambie pole. Neno moja tu, halikuui." Na Jumapili nikamwomba, mlangoni mwa kanisa, mbele ya wamama wa ushirika. Kijana akasema hakuna neno. Alikuwa na aibu kuliko mimi. Yeye sina neno naye hata leo.

Siku chache baadaye jirani Mkongo alishuka besimenti kwa mara nyingine, akaikuta mbao mezani bila chuma. Akapitisha kidole, akanusa kidole.

"Kaka," akamwambia mjomba, "nani alipaka hii mafuta ya kabati?"

"Ah, mimi kidogo. Ilikuwa imekauka."

"Na kufungua? Ulifungua weye?"

"Si lazima uifungue ndipo upake?"

Jirani akanitazama pale nilipokuwa natoa nguo kwenye mashine. Habari za uwanjani alikuwa amezisikia, kila mtu alikuwa amezisikia. "Ah bon, kumbe," akasema. Akarudisha mbao mezani taratibu sana, akapanda ngazi, na hakushuka tena kwa ajili ya bunduki.

Kwa muda nilijaribu kumtetea mjomba kichwani mwangu. Labda kweli aliamini kwamba niliichezea baada yake. Labda alisahau ile sheria. Nilimpa kila nafasi ambayo ningempa mtu mwingine. Lakini Jumamosi iliyofuata aliniita kutoka kwenye ngazi kwa sauti yake ile ile. Nilishuka. Bunduki ilikuwa mezani, imefunguliwa, na pembeni yake, bado kwenye karatasi yake ya dukani, ameweka chupa ndogo ya rangi ya kucha. Nyekundu. Alikuwa ameinunua yeye mwenyewe. Mwanaume mzima amesimama kwenye foleni dukani na rangi ya kucha, kwa sababu alijua mstari umefutwa, na alijua nani ameufuta.

"Iweke sawa, fundi," akasema. Hakunitazama. Akajifanya anatafuta bisibisi ambayo alikuwa ameishika.

Niliiweka sawa. Sijui kama nilifanya vizuri au vibaya. Wengine wangeiacha. Lakini sikuweza kuiacha ilivyo, ilikuwa kama kumwona mtoto amevaa viatu vya kulia na kushoto vimebadilishwa. Nikarudisha skrubu mahali pake, kidogo kidogo, nikachora mistari. Tukaenda uwanjani, nikapiga mpaka mtutu ukajipaka tena na kutulia, na matundu yakarudi kuingia mahali pamoja. Hakukuwa na watu siku hiyo, uwanja ulikuwa mtupu, upepo unapeperusha karatasi za zamani. Mjomba akapiga makofi peke yake. Halafu akatoa simu, akampigia mchungaji, akasema, "Pasta, nimeshairekebisha."

Nilimkabidhi bunduki. Mwaka uliofuata siku ya vijana ilipokaribia aliniuliza kama nitakwenda, nikasema nina mtihani. Akasema sawa. Nadhani wote wawili tulishusha pumzi.

Kwa haki, nimalize na mema yake. Mjomba ndiye aliyenifundisha kuendesha gari. Alilipia sehemu ya ile kozi iliyonishinda. Nilipojifungua mtoto wa kwanza yeye ndiye aliyefika hospitali kabla ya mama, amebeba uji kwenye thamosi, uji wenyewe una mabonge. Ni mtu mwema. Nasema hivi bila kubana meno. Lakini tangu siku ile sijawahi kumwonyesha mtu kitu nilichokitengeneza kwa mikono yangu bila kutazama kwanza nani amesimama nyuma yangu.

Ile nyumba ya matofali iliuzwa. Nilipita wiki hii nikielekea kwenye maduka, nikaona wameipaka rangi ya kijivu na wameziba dirisha la besimenti kwa matofali ya kioo. Nyanya tulimrudisha Nyeri, akazikwa huko, na mimi sikupata ruhusa kazini nikamzikia kwenye simu. Jirani alihamia jimbo jingine kwa binti yake, namba yake haipatikani tena. Mama yupo, lakini umri umemfanya apende kuchanganya mambo, na siku hizi mjomba akisimulia, mama humsaidia. Anaongeza kwamba aliniona nikishuka besimenti na bisibisi. Anasema hivyo kwa upendo, ananipapasa mkono. Sidhani kwamba anadanganya. Nadhani amemsikia ndugu yake mara nyingi mno.

Basi, rafiki yangu, tuliokuwa tunajua tumebaki wawili, mimi na yeye. Na Jumapili iliyopita, watu walipokuwa wanacheka, nilimtazama machoni nikitafuta hata dalili ndogo kwamba anakumbuka. Alikuwa anacheka kama mtu ambaye jambo lile lilimtokea kweli.